Vipimo vya Rubani

Jioni hiyo nilitumwa zipu.

Si zipu ya sketi wala ya begi. Zipu ya chuma, yenye meno makubwa, ndefu ya kutoka chini ya kitovu mpaka kwenye kidevu, na kipete chake cha kuvutia kiwe cha duara, kimechakaa upande mmoja. Mume wangu alinionyesha kwenye simu picha aliyoisimamisha katikati ya filamu. Akaikuza kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu. "Unaona pale? Rangi imebanduka kidogo." Nikamwambia naona. Sikuona kitu. Jua lilikuwa linazama, nina sare za shule za watu hazijapigwa pasi, na mimi huyo, nakimbizana na duka la vifungo kabla halijafungwa.

Muuza vifungo amenizoea. Ndiye anayeniuzia uzi tangu nianze kushona.

"Zipu hii ni ya nguo ya nani?" akaniuliza.

"Ya mwanamke mmoja."

"Mteja wako?"

"Hapana. Anaishi kwangu."

Akacheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nilichukua zipu yangu nikarudi nyumbani na moyo umevimba.

Lazima nieleze. Mume wangu mchana ni mwandika mabango ya maduka, na ni mzuri wa kazi yake. Jioni anahamia angani. Anatengeneza hapo nyumbani, kwa mikono yake, mavazi na vifaa vya filamu za vyombo vya anga, vile vile vilivyo kwenye skrini. Si vya kufanana. Ukimwambia kitu kimefanana umemtukana. Ana kundi la wenzake kwenye simu, watu wazima wenye familia, wanaoweza kununiana kwa sababu ya upana wa mstari mwekundu kwenye kiatu. Kila mwaka wanakutana ukumbini, wanapanga kazi zao, wanatazamana kwa jicho baya, wanarudi nyumbani.

Nyumba yetu ni ya watu wawili. Chumba cha mbele tuligawana: upande mmoja cherehani yangu na benchi la wateja, upande mwingine takataka zake. Humo aliijenga helmeti ya Rubani kwa mikeka ya sponji, ile ya kutandikia watoto sakafuni. Aliikata kwa kisu, akaikunja kwa joto la mashine yangu ya kukaushia nywele, akaiunga kwa gundi ya viatu, akaisugua kwa msasa na kuipaka rangi mpaka ukiigonga unashangaa mbona hailii kama chuma. Bomba la hewa lilikuwa mpira wa mashine ya kufulia. Kifaa cha kiunoni kilikuwa rimoti mbovu. Hata mikwaruzo haikuwa ya bahati nasibu. Aliitazama mmoja mmoja kwenye skrini, akaichora kwa penseli, kisha akaikwaruza kwa msumari.

Rubani mwenyewe ni mwanamke. Kwenye ile filamu wenzake wote wamekufa, amebaki peke yake ndani ya chombo, na haongei karibu filamu nzima. Mume wangu aliiona akiwa kijana. Kwa maneno mengine, alimpenda kabla yangu.

Hayo yote niliyavumilia. Mwanamume akikaa nyumbani na gundi yake ni afadhali kuliko anayezurura. Lakini siku aliponitajia vipimo ili nianze kushona, nilijua nimeletewa mke mwenza.

Alivitaja bila kusoma popote, kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake. Bega kwa bega. Kifua. Kiuno. Nyonga. Kisha mkono: wa kulia hivi, wa kushoto hivi.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Si kwa upana wa kidole. Kwa kiganja kizima.

Mimi ni fundi cherehani, najua miili ya watu. Nimepima wenye bega moja chini kwa kubeba mizigo upande mmoja, nimepima wenye mguu mfupi wanaojitia hamnazo. Vipimo kama vile havipatikani kwa kutazama. Vinapatikana kwa futi ya kamba na mwanamke aliyesimama mbele yako amevua sweta.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Rubani."

"Nakuuliza kwa adabu. Ni nani?"

Akaangua kicheko, akanivuta mkono tukakae mbele ya skrini. Kuna sehemu Rubani anatembea kwenye korido ndefu ya chombo, ametupa mgongo. Ni sehemu pekee ambayo vazi linaonekana lote, kuanzia kisogo mpaka kisigino. Hapo ndipo alipompimia. Mmoja wa kundi lao alishatafuta urefu wa milango ya ile korido, basi mume wangu akampima Rubani kwa milango, akapiga hesabu.

"Siwezi kubahatisha," akasema. "Nikibahatisha inakuwa nguo ya mtu yeyote."

Nikamwambia asogeze mbele, nimwone yule mwanamke uso kwa uso. Mwigizaji alikuwa mzuri, sikatai. Aliinua mikono yote miwili kuzima taa za juu. Ilikuwa sawasawa.

"Mkono wake haujazidi," nikasema.

"Hapa haujazidi. Kwenye korido umezidi."

"Basi wa kwenye korido si yeye."

Mume wangu akanitazama kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya ndoa yetu. "Umelijua mara moja. Sisi tumebishana miaka. Ni mtu mwingine, na jina lake halipo popote mwishoni mwa filamu." Akashusha sauti. "Wenzangu wote wanashona vazi la mwigizaji. Mimi namshonea huyu."

Ningekataa. Lakini nikikataa angetafuta fundi mwingine, na pengine huyo fundi angekuwa msichana. Nikashona.

Kilichoniuma zaidi ni sanamu. Mwaka tulipooana aliniambia nivae fulana kuukuu, akanizungushia mkanda wa kubandika kuanzia shingoni mpaka kwenye nyonga, akanichana mgongoni nikatoka, akalijaza lile ganda matambara na kulisimamisha kwenye mti wa chuma. Haina kichwa wala mikono, lakini ni mimi. Nimeshonea nguo zangu zote juu yake. Basi siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta amenipasua tumbo. Matambara yangu yako sakafuni. Amepunguza nyonga, amerefusha kiuno, amebandika upya.

"Vazi lake halikai juu yako," akasema, hata hakuinua macho. "Nitakutengenezea nyingine."

 Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Vazi lilipokamilika aliivisha ile sanamu, akaweka helmeti juu yake, na ikawa kama kuna mtu mrefu amesimama pembeni ya cherehani yangu, ananitazama nikifanya kazi. Nikawa namgeuzia mgongo. Nikimgeuzia mgongo ndiyo ikawa mbaya zaidi.

Kwanza ilikuja harufu. Si ya gundi, si ya rangi, hizo nazijua. Ilikuwa harufu ya chuma baridi, kama ukiweka funguo ulimini. Ilikuja jioni, jua likianza kuzama, ikaondoka asubuhi.

Kisha mume wangu akanishukuru.

"Ahsante kwa kurekebisha ule mshono wa begani," akasema tukinywa chai. "Nilikosea, nikaona aibu kukuambia ufumue."

"Mshono gani?"

Akatabasamu kama mtu anayejua mkewe anamficha jambo jema. Alipotoka nikaenda kutazama. Bega lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono. Nilivaa miwani. Sijawahi kuona mishono mizuri kama ile, midogo, imebanana, haina hata mmoja uliozidi mwenzake. Mimi siwezi kushona vile na sijui anayeweza. Na yote ilikuwa imelala upande usio wangu, kwa sababu aliyeishona alishika sindano kwa mkono wa kushoto.

Mtu mwingine angeogopa. Mimi niliona wivu. Aje kwangu, asimame kwenye mwili wangu, amtazame mume wangu, halafu anishinde na kazi?

Jioni iliyofuata nilikuwa jikoni. Mume wangu alikuwa uani anaosha brashi zake, namwona dirishani. Chumba cha mbele hakikuwa na mtu.

Zzzzzp...

Nikaacha kisu.

Zzzzzp. Polepole, kutoka chini kwenda juu. Zipu ya chuma, meno makubwa.

Nikaenda mpaka mlangoni. Taa sikuwasha. Vazi lilikuwa mahali pake, zipu imefungwa mpaka kidevuni, na mimi mchana niliiacha wazi ipate hewa. Lakini si zipu iliyonishika miguu. Nimesema sanamu yangu haina mikono. Siku zote mikono ya lile vazi ilining'inia bapa, kama nguo kwenye kamba. Jioni ile mkono wa kulia ulikuwa bapa.

Wa kushoto ulikuwa mviringo.

Nikausogelea. Nikaubonyeza kwa kidole.

Ulikuwa wa moto.

"Unafanya nini gizani?" mume wangu akauliza nyuma yangu, na nywele zikanisimama. Akawasha taa. Mkono ukawa bapa. Yeye akaenda kulisimamisha vazi vizuri, akalifuta vumbi kifuani kwa kiganja, taratibu, na nikasikia akinong'ona, "Pole."

Hakuwa akiniambia mimi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kuchukua gauni lake. Wifi yangu na mimi hatupikiki chungu kimoja, lakini mdomo wake ukisema neno, neno huwa lipo. Akakaa kwenye benchi, akalitazama vazi, akalitazama tena, akasogea karibu yangu.

"Wifi," akanong'ona. "Yule ni nani?"

"Ni nguo tu. Michezo ya kaka yako."

"Nimemsalimia nilipoingia. Hakuitikia, lakini alinigeukia."

Nikamweleza yote: korido, mkono, mwanamke asiye na jina. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. Akachukua gauni lake hata bila kulijaribu.

"Mmemshonea mtu msiyemjua," akasema akiwa mlangoni. "Mmemtoa kwenye mashaka, mmempa urefu na upana, mmemtengea na mahali pa kusimama. Mlitaka asije?"

"Nifanye nini?"

"Mchomeni moto."

Nilifikiria. Lakini kuchoma lile vazi siku chache kabla ya onyesho ni kumchoma mume wangu, na angemlilia. Angemlilia yeye mbele yangu, angemkumbuka maisha yake yote, na mimi ningekuwa yule mwanamke aliyemuua. Sikuwa tayari kumpa heshima hiyo. Nilitaka aondoke kwa njia ya kifundi. Nguo isiyomtosha, ataivaaje?

Nikangoja siku mume wangu alipokwenda kuandika bango la duka la dawa, mbali. Mchana kweupe. Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikalivua vazi kwenye sanamu. Lilikuwa zito kuliko nililoshona mimi. Nilipolilaza mezani, mikono yake ilichelewa kuanguka.

Nikafumua kwa wembe, mshono hadi mshono, na ile mizuri ya mkono wa kushoto nikaianza kwanza. Nikakata kiganja kizima kwenye mkono uliozidi. Nikapanua nyonga. Nikapandisha kiuno. Vipimo vyangu mwenyewe navijua kichwani, sikuhitaji futi. Sindano ya cherehani ilivunjika, nikaweka nyingine, ikavunjika, nikaweka nyingine. Harufu ya chuma ilijaa chumbani ingawa jua lilikuwa juu kabisa. Nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti. "Nyumba hii ina mwanamke mmoja," nilisema. "Mmoja tu." Jasho lilinitiririka na nilikuwa na furaha, sitaficha.

Nilipomaliza nikalivaa. Fundi hawezi kujua nguo imekaa mpaka aione mwilini.

Lilinikaa. Hakuna nguo iliyowahi kunikaa vile. Nikavuta zipu mpaka kidevuni, nikavaa glavu, nikaweka helmeti, nikasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. Kwa mara ya kwanza nikaelewa mume wangu anaona nini. Yule pale kwenye kioo alikuwa mwanamke aliyetoka mbali, asiye na haja na mtu. Nikasema moyoni, akirudi anikute hivi hivi.

Ndani ya helmeti nilisikia pumzi yangu. Inaingia, inatoka. Nikipumua, plastiki ya mbele inafunikwa na ukungu. Nikivuta, ukungu unaondoka. Inaingia... inatoka...

Kisha nikaona kitu hakiendi sawa.

Nilikuwa navuta pumzi, na ukungu unaongezeka.

Nikabana pumzi kabisa.

Ukungu ukapungua, polepole. Ukarudi. Ukapungua. Ukarudi.

Mtu alikuwa anapumua humo ndani, na si mimi.

Nilitaka kuinua mikono niivue helmeti. Wa kulia ulitii. Wa kushoto ulibaki chini, umetulia, kama wa mtu anayesubiri zamu yake. Na karibu sana na sikio langu, sauti ndogo, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea...

"Sasa imenitosha."

Zipu ikashuka yenyewe. Taratibu, kwa adabu. Nilihisi mgongo wangu ukipoa kuanzia shingoni kwenda chini, kama vile mtu aliyekuwa amenilalia ameinuka. Mlango wa mbele niliufunga kwa komeo mwenyewe. Nilipoivua helmeti nikaukuta wazi, pazia linacheza, na nje hakuna mtu.

Mume wangu aliporudi nilikuwa nimelirudisha vazi kwenye sanamu, likaning'inia juu yake vibaya, limekosa umbo. Nilijiandaa kwa vita. Akalitazama. Akaushika mkono wa kushoto, akaona ulipoishia.

"Umelipunguza."

"Nimelipunguza."

Akakaa kwenye kiti changu. Hakugomba. Alionekana mtu aliyechoka. "Afadhali," akasema mwishowe. Kisha akaniambia kwamba mmoja wa kundi lao, bwana mzee, alikuwa amempata fundi wa taa aliyefanya kazi kwenye ile filamu. Siku ya kupiga picha za korido mwigizaji alikuwa anaumwa, hakufika. Na hakuna mtu mwingine aliyeajiriwa. Kila aliyekuwepo alimwona Rubani akitokea, akitembea, akiishia mwisho wa korido, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemleta. Walipokwenda kumshukuru walikuta vazi limetundikwa mahali pake, zipu imefungwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikanong'ona.

"Nilijua utaniambia niache."

Basi. Mimi nilikuwa namwonea wivu bure mtu asiyekuwepo, na yeye alijua, akaendelea kumfuta vumbi. Hata hivyo nilimsamehe, kwa sababu alikuwa amerudi kwangu. Kwenye onyesho hakwenda. Alilikunja vazi akalitia kwenye mfuko, akawa anakaa na mimi jioni, ananisomea habari nikishona, ananiita Fundi wangu kama zamani. Harufu ya chuma haikurudi. Sijawahi kuwa na furaha kama siku zile.

Mwanzoni sikuona kitu. Muuza vifungo alinikata jicho siku moja akasema, "Umerudi tena? Uzi mweusi si umechukua asubuhi?" Asubuhi nilikuwa kitandani. Nikadhani amenichanganya na mteja mwingine. Kisha wifi alinipita njiani, bega kwa bega, akaniangalia usoni na asinisalimie. Nikasema moyoni, ameanza mambo yake.

Kisha nguo zangu zikaanza kunikataa. Blauzi niliyojishonea mwenyewe ikanilegea nyonga na kunipungukia urefu, na mkono wa kushoto ukaishia juu ya kifundo cha mkono. Nililaumu maji ya moto. Nikajishonea nyingine, kwa vipimo nilivyonavyo kichwani, na nayo ikakataa vile vile.

Na mume wangu. Nikiingia chumbani alikuwa ananitazama kidogo kabla ya kutabasamu, kama mtu anayetafuta jina. Nilijiambia ni macho, amechoka na rangi. Lakini kila siku ule muda wa kutafuta ulizidi kurefuka. Na kila siku, akishalipata lile jina, tabasamu lilikuja limepungua kidogo. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, kwa heshima kubwa, kwamba hakuna kitu.

Jana jioni nilikwenda kupeleka sare za shule. Nilikawia kidogo, nikarudi jua limeshazama. Nilipoingia uchochoro wetu nikasikia cherehani inakimbia.

Cherehani yangu naijua inavyolia. Ina kigugumizi ikifika kwenye kona. Hii ilikuwa inapita kona bila kigugumizi.

Pazia halikufungwa vizuri. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa upande wake, anasugua kitu kwa msasa, anacheka. Kwenye kiti changu alikaa mwanamke amenipa mgongo, amevaa gauni langu la bluu, lile ambalo mimi halinitoshi tena. Yeye lilimkaa. Nyonga zangu, mabega yangu, kisogo changu na nywele zangu nilivyozisuka. Akanyoosha mkono wa kushoto akachukua mkasi. Mume wangu akasema neno sikulisikia, na yule akamjibu kwa sauti yangu, utani wetu wa chumbani ambao sijawahi kumwambia mtu, na mume wangu akacheka mpaka akaweka msasa chini. Mimi sikuwahi kumchekesha vile.

"Fundi wangu," akamwita. Kwa mapenzi, kama tulivyoanza.

Sikukimbia. Watu watasema ningekimbia, ningemwita wifi, ningepiga kelele majirani watoke. Yule ni mume wangu na ile ni nyumba yangu. Nikauendea mlango wangu. Nikagonga.

Akafungua yeye. Akanitazama. Nikangoja alitafute lile jina, nikangoja, nikamsaidia kwa macho. Hakulitafuta. Uso wake ulikuwa mwema, umetulia, hauna kitu.

"Karibu, mama," akasema. "Umeleta nguo ya kurekebisha?"

Akageuza kichwa ndani. "Fundi wangu, una mgeni."

Cherehani haikusimama. "Mkaribishe akae," sauti yangu ikajibu. "Namalizia pindo, nakuja kumpima."

Nikaingia. Kwenye benchi kulikuwa na ule mfuko wa vazi, umefunguliwa, mkono mmoja umetoka nje. Mume wangu aliusogeza haraka ili nipate nafasi, akiona aibu kidogo. "Samahani, mama. Hii ni michezo yangu tu. Mke wangu haipendi."

Nikakaa. Moyo uliwaka wivu kuliko hofu. Nilimtazama akirudi kwenye kazi yake, nikatazama alivyomgusa yule bega akipita.

Kisha cherehani ikanyamaza, na nikasikia mke wa mume wangu akisogeza kiti nyuma.